Tunangoja Kidole Chako

Jumatatu, 2 Agosti 1993

Kiwanda kinauzwa. Si uvumi tena. Meneja Masele alitukusanya uwanjani asubuhi, zamu zote, akasoma karatasi. Mnunuzi atakabidhiwa mwisho wa mwezi, na wale ambao kazi zao zitaendelea watajulishwa. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Afisa utamaduni na kiongozi wa bendi – hiyo nayo ni kazi? Mashine za kusokota zina bei. Saksafoni iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ina bei gani?

Ala zote ni mali ya kiwanda. Hata kodiani yangu. Naiita yangu, lakini imeandikwa namba kwa rangi nyeupe mgongoni kama ng'ombe wa mnada.

Nimerudi Kirumba kwa miguu. Harufu ya sangara wa kukaanga njia nzima. Sikununua.


Jumatano, 4 Agosti

Masele kaniita ofisini. Mtu mwema, ila huongea akitazama dirisha. Anasema mnunuzi yuko tayari kubaki na burudani moja ya wafanyakazi. Moja tu! Ama bendi yetu, ama disko la Collins – yule kijana wa spika kubwa anayepiga kaseti za Kizaire pale Kirumba. Sasa Masele kapata wazo. Siku ya makabidhiano tupige wote wawili. Uwanja mmoja, wakati mmoja, huyu upande huu na yule upande ule. Mnunuzi atatazama watu wamesimama wapi.

"Kama Bagika na Bagalu," akasema. "Wewe si mtoto wa manju, Mwalimu?"

Ndiyo, mtoto wa manju. Baba aliongoza nyimbo za Bagalu, moja ya jamii mbili za ngoma za Kisukuma, huko Magu. Kila baada ya mavuno walikutana na Bagika, ngoma mbili zinalia pamoja, na hakuna mwamuzi ila miguu ya watu. Watu wakikuhama, umeshindwa, huna pa kukata rufaa. Nilimwona Baba akihamwa mwaka mmoja. Hakuongea na mtu hadi mvua zilipoanza.

Nimekubali. Ningefanyaje? Tukishinda, bendi inabaki na mimi nabaki. Tukishindwa, ala zinauzwa pamoja na viti vya ofisi. Halafu naona aibu kidogo – wenzangu wanahofia mkate wa watoto, mimi nahofia tarumbeta. Lakini ndicho ninachokihofia, nifanyeje.


Jumamosi, 7 Agosti

Mazoezi stoo. Wamekuja wote, hata Winnie, mwimbaji wetu, katoka zamu na pamba bado nyweleni. Nikawaeleza habari ya shindano. Kisha Shimba wa ngoma akanguruma kwamba tutawatafuna wabichi. Jina lake kwetu maana yake simba, basi anajiona ana wajibu.

Tukapiga. Sijawahi kuandika humu namna tunavyopiga. Naandika leo, maana mwezi ujao huenda kusiwe na wa kukumbuka. Hatuna nota. Tulikuwa nazo – nilizinakili kwa mkono wangu, do re mi, jinsi masista walivyonifunza – mchwa wakazila kabatini, wakaacha majalada tu. Kesho yake Mei Mosi! Nikawaambia, basi tusikilizane. Hatukurudi nyuma tena. Wimbo haupo mpaka tuuzue papo hapo, na ukiisha umeisha. Mimi nasimama mbele na mikono yangu. Kidole: wewe, sema. Kiganja juu: pokea unachokisikia, ukigeuze kiwe chako. Ngumi: kimya. Na wao wana ishara moja ya kwao – mkono kichwani, yaani sitaki. Kila mtu ana ruksa ya kunikatalia. Hakuna aliyewahi kunikatalia, na huwa najivunia hilo.

Somo langu kubwa ni mwanya. Mwanya ni uzuri, kwenye meno na kwenye muziki. Acha pasipo na kitu, mwenzio aingie. Wamenielewa wote kasoro Orwa. Yeye tarumbeta alilianzia kanisani kwao Shirati, na anapiga kama mtu anayeshindilia gunia la mpunga. Hapumui! Leo nimempigia kelele tena. Ana kipaji kuliko mimi. Nimelijua hilo tangu siku ya kwanza na sijamwambia.


Jumapili, 8 Agosti

Nane Nane. Baada ya misa nimekwenda kumsikiliza adui. Collins kasimamisha spika mbili nje ya baa, kila moja urefu wa kabati la nguo. Watu kibao. Mama wa makamo mwenye beseni la dagaa kichwani alikuwa anacheza na halimwagiki! Ngoma ikilia sana hupasuka, nilijisemea. Haikupasuka. Nami mguu wangu wa kulia ukawa unagonga chini, msaliti mkubwa.


Alhamisi, 12 Agosti

Nimegombana na Orwa. Yeye hakugombana. Alisalimia vizuri, shikamoo Mwalimu, akangoja niitikie, ndipo akaanza.

Anasema tupige nyimbo zinazojulikana. Watu hawaendi kwa kitu wasichokijua. Nikamwambia nyimbo zinazojulikana Collins anazo kwenye kaseti, zimepigwa na waliozitunga, na spika zake zinafika Igoma. Sisi tuna kimoja tu ambacho hana: uhuru. Yeye anafungwa na kaseti, sisi hatufungwi na chochote. Nilisema vizuri sana. Winnie alitikisa kichwa kukubali.

Orwa akafuta mdomo wa tarumbeta kwa shati. "Uhuru gani huu, Mwalimu? Mbona sote tunangoja kidole chako?"

Shimba alianza kukaza kamba za ngoma ambazo zilikuwa zimekazwa. Nikasema tuendelee. Tukaendelea, na kila nikinyoosha kidole nakiona. Kidole kirefu, kikavu, cha mwalimu wa zamani wa chuo. Nimekasirika mpaka sasa.


Jumanne, 17 Agosti

Haya, nimejaribu. Nimekaa kwenye debe na mikono nimeikalia. Pigeni, nikasema.

Ovyo! Kila mtu anamngoja mwenzake, halafu wote wanaingia pamoja kama watu kwenye mlango mmoja. Orwa kajaza gunia lake. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kwamba hawawezi.

Kisha, tulipokuwa tunakaribia kuacha, Winnie akaanza kuguna chini chini, sauti ya mashine ya kusokota ikipunguza mwendo. Shimba akaisikia. Saksafoni ikaingia. Ilidumu kidogo tu. Lakini ilikuwa nzuri, na mikono yangu ilikuwa chini ya makalio yangu wakati wote.

Nilisema tukutane kesho.


Ijumaa, 20 Agosti

Soko la Mwaloni, nanunua dagaa. Magugu maji yameziba ufuo, mitumbwi inapita kwa kusukumwa. Wapakuaji walikuwa wanatoa magunia huku wanaitikiana, mmoja huyu, mmoja yule, na kila mmoja anaweka neno lake la kutukana tajiri. Nikatafuta nani anaongoza. Sikumpata. Nikamwuliza mmoja – akaniangalia kama nimechanganyikiwa. "Gunia ndilo linaongoza, mama," akasema.

Nimelifikiria hilo jioni yote. Nimefundisha watu kuzua muziki sasa ni miaka, chuoni kwa kujificha na hapa kiwandani kwa ruhusa. Ninachowafundisha hasa ni nini? Kusikilizana, au kunisikiliza mimi? Siku hizi kila kitu ruksa – duka, kaseti, mitumba, vyama. Mimi nilidhani nilianza ruksa kabla ya serikali.


Ijumaa, 27 Agosti

Balaa! Balaa tupu, na kesho ndiyo siku yenyewe.

Shimba kaenda kwao Magu kwa fundi wa dawa za ngoma. Sishangai. Hakuna ngoma ya Bagalu wala Bagika iliyowahi kwenda uwanjani kavu, bila dawa – Baba mwenyewe alikuwa na pembe lake la dawa, na nikiwa mdogo nilidhani kila kwaya inalo. Dawa ya kuvuta watu. Fundi kamwambia kila ala inywe. Shimba, mtu mwaminifu, jana jioni kazinywesha zote. Ngoma kazipaka, zinang'aa, na kwa kweli ngozi imelainika vizuri. Kodiani kaipaka mikanda tu, namshukuru Mungu. Tarumbeta la Orwa kalimiminia ndani.

Mafuta na utomvu wa mti fulani. Usiku vimeganda. Vitufe havishuki, vyote vitatu. Tumejaribu maji ya moto. Tumejaribu mafuta ya taa. Orwa kajaribu kwa meno!

Nilimfokea Shimba mpaka sauti ikakauka. Mtu mzima, baba wa watoto, kasimama mbele yangu anapepesa macho. "Ngoma ukiipaka inashukuru, Mwalimu," anasema. "Sikujua chuma kinakataa."

Orwa hakufoka. Aliweka tarumbeta mapajani akaanza kucheka, polepole, hadi machozi. Akamwambia Shimba, kaka, wewe ulitaka livute watu, sasa limeninata mimi. Wote wakacheka. Mimi sikuweza. Bila tarumbeta hakuna sauti ya kufika ng'ambo ya uwanja. Itabidi nishike kodiani mwenyewe. Na kodiani inataka mikono miwili.


Jumamosi, 28 Agosti

Niandike yote kabla hayajachuja.

Uwanja umejaa, mtaa wetu wote wa Nyakato umekuja. Mnunuzi kakaa chini ya turubai na Masele, kofia pana, soda mkononi. Collins upande wa goli la ziwani, sisi goli la barabarani. Kabla hatujaanza nikawaangalia watu wangu. Nikaiangalia mikono yangu miwili iliyokwisha kamatwa na mikanda ya kodiani. Orwa amesimama pembeni hana kitu, kaja tu na shati safi. Nikatoa mkono mmoja. Nikamnyooshea kidole. Yeye akageuka nyuma kuangalia ninamwita nani.

"Wewe," nikasema. "Simama pale mbele."

Ni mimi niliyemnyooshea. Niliandike hilo wazi, lije linisaidie baadaye.

Tukaanza. Collins naye akaanza. Mama yangu! Kifua kinatetemeka kwa spika zake. Watu wakaanza kwenda – kwanza vijana, halafu wasichana wa idara ya kufuma, halafu hata mlinzi wa geti ambaye ni mjomba wake Shimba. Niliona migongo. Nikamwona Baba akikusanya ngoma zake. Orwa anatuonyesha huyu, yule, huyu, haraka mno, gunia lake lile lile. Nikasema moyoni, tumekwisha.

Ndipo umeme ukakatika. Spika kimya! Nilikuwa nimeuomba mgao huo tangu Jumatatu, nisidanganye. Nikavuta kodiani kwa nguvu zangu zote, twende, sasa ndiyo saa, wachukue wote! Migongo ikaanza kugeuka.

Orwa akafunga ngumi.

Sikuamini. Adui kaanguka, wewe unatunyamazisha! Akaniangalia mimi moja kwa moja, ngumi juu. Kila mtu kanyamaza kasoro mimi. Nilikuwa na haki ya kukataa – lakini sitaki ni mkono kichwani, na mikono yangu ilikuwa kwenye kodiani. Sheria yangu mwenyewe. Nikanyamaza.

Uwanja mzima ukanyamaza. Nikasikia bendera ya kampuni mpya ikipigapiga. Kisha, upande wa goli la ziwani, kijana wa Collins akaanza kuvuta kamba ya jenereta. Krrr. Haliwaki. Krrr. Orwa akamwelekezea Shimba kiganja: pokea. Shimba akapokea! Krrr kwa vidole kwenye ile ngozi yake ya mafuta. Kijana anavuta, ngoma inajibu. Watu wakaanza kucheka, wanageuka huku, wanageuka kule. Kijana naye kaelewa, akavuta kwa madaha. Jenereta likashika, likaanza kuunguruma, na Winnie akaingia ndani ya mngurumo ule ule, sauti moja, ndefu. Nywele zilinisimama.

Muziki wa Collins ukarudi. Sasa Orwa akafanya kitu ambacho mtoto wa manju hawezi kukifanya. Kiganja juu, sote, kuelekea kule: pokeeni. Kupokea wimbo wa mpinzani! Kwetu hiyo ni kujivua nguo. Baba angekufa kwanza. Lakini Orwa si wa Bagika wala Bagalu, kwao Shirati hawana habari hiyo, na mikono yangu haikuwa yangu. Tukapokea. Tukaingia kwenye vijitundu vya ule muziki wa kaseti, pale gitaa linapopumua, saksafoni ikauliza swali, kodiani ikajibu uongo. Collins akasikia. Akashusha sauti! Kidogo, lakini alishusha, na akasogea mbele ya spika zake kusikiliza.

Na watu wakaja kusimama katikati. Si kwetu wala kwake. Katikati ya uwanja, wengine wanatazama huku na wengine kule, wanacheza, hawajui waende wapi. Mnunuzi kasimama na soda yake, anacheka, anamwuliza Masele kitu, Masele anainua mabega.

Nimekuwa mbele ya watu tangu nikiwa msichana. Sijawahi kupiga vizuri kama leo, nikiwa nyuma. Furaha na hasira, zote pamoja, siwezi kuzitenganisha.


Jumapili, 29 Agosti

Misa. Mabega yanauma. Shimba kapita nyumbani, anasema dawa imefanya kazi, watu si walivutwa? Nikamwambia fundi wake kavuta pande zote mbili. Akafikiria. Akasema labda hakueleza vizuri.

Ala wamezifungia stoo, kufuli jipya.


Alhamisi, 2 Septemba

Masele kaja mwenyewe hadi nyumbani. Nyumbani kwangu hakuna dirisha la kutazama, ikabidi aniangalie.

Mnunuzi kapenda. Disko litabaki, kila Jumamosi, na bendi pia itabaki, ndogo, ya sherehe. Nikamshika mkono! Akasema ngoja kwanza. Kazi ya afisa utamaduni imefutwa, kiwanda binafsi hakina cheo hicho. Na kuhusu kiongozi, mnunuzi anamtaka yule kijana wa mikono. "Nilimweleza kwamba mwalimu ni wewe," Masele akasema. "Akaniuliza yule mama wa kodiani?"

Orwa hajajibu. Kesho jioni ndiyo mwisho. Bila yeye hawaifufui bendi.

Masele alipoondoka nililia. Si sana. Nilikuwa nimeweka maharage jikoni yakaungua.

Yule mama wa kodiani.


Ijumaa, 3 Septemba

Orwa yuko nje. Naandika haya amekaa kwenye ngazi yangu.

Amekuja na tarumbeta, kitufe kimoja kimeshaanza kushuka. Shikamoo Mwalimu. Marahaba. Nilikuwa naosha dagaa uani, mikono kwenye beseni. Hakukaa mpaka nilipomwambia akae. Akasema ameambiwa ajibu kabla jua halijazama, na hataki kujibu bila mimi. Kama nikisema hapana, ni hapana, atarudi Shirati kuvua na kaka zake. Kama nikisema ndiyo, atakubali. Akasema niwaamulie tu.

Nikamwambia, mbona siku ile hukutaka kidole changu? Akainama. Akasema siku ile alikuwa na tarumbeta.

Akabaki anaangalia beseni. Nikaelewa anaangalia mikono yangu, wapi itakwenda. Sikuitoa majini. Nikapindisha dagaa, nikaosha walewale waliokwisha oshwa. Nilitaka sana kuweka mkono kichwani. Hapana, sitaki, ni bendi yangu, niliitoa kwenye matumbo ya mchwa. Angeutii. Ndilo linaloniogopesha, angeutii leo hii na sote tungekwisha, Winnie, Shimba, wote, na mimi ningebaki na ushindi wangu.

Na nikimwambia ndiyo? Basi hata huo uongozi wake kaupata kwa kidole changu.

Nimesema naingia kutafuta taulo. Taulo liko begani.

Amekaa nje ananingoja. Ameanza kupiga kidogo, kwa kile kitufe kimoja, sauti mbili tatu tu, hawezi nyingine. Anacheza na kelele za jirani anayetwanga. Vizuri. Sijawahi kumsikia akipiga kidogo hivi. Hajazi kitu.

Jirani ameacha kutwanga. Naye amenyamaza. Si kwamba amemaliza, namjua akimaliza. Tarumbeta bado liko mdomoni, naliona kupitia mlango, na hanitazami.

Ameacha mwanya.

Kodiani iko stoo. Nina beseni tu, na sauti hii niliyoimalizia kwa kumfokea Shimba. Naweka kalamu chini, natoka nikauingie –